Sakafu ya Mtani

Sadallah hakumpenda Rukaya, na Rukaya hakumpenda Sadallah. Lakini mzee alikuwa Mmatumbi na binti alikuwa Mndengereko, kwa hiyo hakuna mtu pale kwenye ujenzi aliyelitambua jambo hilo. Watu wa makabila hayo mawili hutaniana. Mmoja humwita mwenzake mwizi, mchafu au mchawi, na anayeitwa hivyo hana haki ya kununa. Akinuna, yeye ndiye mkosaji. Basi wawili hao walitukanana kutwa nzima, mafundi wakacheka, na chuki ikapita katikati ya watu bila kuulizwa inakwenda wapi.

“Mmatumbi akiona bahari,” Rukaya alisema siku ya kwanza, “anauliza nani kamwaga maji yote haya.”

“Na Mndengereko akijengewa daraja,” Sadallah akajibu, “anashuka chini yake kutafuta mtumbwi.”

Jengo lenyewe lilikuwa pembezoni mwa Kibiti, upande wa kwenda Bungu. Lilikuwa nyumba ya kusubiria uzazi. Wajawazito wa visiwa vya delta wangekaa humo wiki zao za mwisho, ili uchungu usiwakute ndani ya mtumbwi, maji yamekupwa na kituo cha afya kiko mbali. Wafadhili walitoka ng'ambo, na walikuwa na sharti moja. Jengo lipate cheti cha kijani, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba halimdhuru anayeishi ndani yake wala ardhi iliyo chini yake. Mkandarasi Haidari, mfanyabiashara wa Ikwiriri aliyeinukia kwa mbao tangu biashara ilipoachiwa huru, alikuwa ameshanunua rangi ya kijani kabla hajafafanuliwa maana yake.

Rukaya ndiye aliyemfafanulia. Alikuwa fundi sanifu aliyetoka chuoni Dar es Salaam, na huu ulikuwa usimamizi wake wa kwanza. Cheti kikipatikana, angekuwa msimamizi mwenye jina. Kisipopatikana, Haidari alikwishamwambia kwamba Ikwiriri kuna wavulana wengi wanaojua kusoma mchoro.

Kabla ya kazi ya sakafu kuanza, aliwakusanya mafundi kwenye kivuli cha ukuta.

“Sakafu ina masharti magumu kuliko sehemu nyingine,” aliwaambia. “Mama atalala karibu nayo. Mtoto atatambaa juu yake. Gundi, vanishi na dawa za mbao hutoa mvuke wa kemikali miezi mingi baada ya kukauka. Mvuke huo hatuuoni, na tukiuzoea hatuusikii tena. Mkaguzi atafunga chumba, atavuta hewa yake kwenye vibomba vya kioo, na maabara itasema kuna nini. Kwa hiyo gundi yetu ni ya maji, vanishi yetu ni ya maji, na mbao hazipakwi kitu kingine chochote.”

Mbao zilikuwa za mninga, zimeletwa kutoka Ngorongo. Mchoraji alichagua sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi kwa sababu udongo wa pale ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka, masika huvimba, na saruji haistahimili kuvutwa huku na huku.

Sadallah alikuwa fundi mkuu wa mbao. Aliweka randa chini.

“Na mchwa?”

“Juu ya kila nguzo kuna kofia ya bati. Mchwa hawavuki. Na mninga wenyewe ni mgumu kwao.”

“Mchwa wa Kibiti hawajui kusoma michoro, mtani.” Vijana walicheka. Mzee hakucheka. “Baba yangu alipaka mafuta ya maganda ya korosho, yamechanganywa na dizeli kidogo yapenye. Milango aliyoitengeneza kabla ya uhuru ingali imesimama Mahege. Upande wa chini tu. Hakuna atakayeona.”

“Hapana.”

“Upande wa chini, nimesema.”

“Nimesikia. Mvuke hauna upande wa chini. Utapanda kwenye maungio. Hayo ni mambo ya kizamani, mzee Sadallah. Hapa tunajenga kitaalamu.”

Alimwita mzee. Hakumwita mtani. Vijana waliokuwa wakicheka walinyamaza, kwa maana karibu wote walifundishwa kushika randa na mikono ya Sadallah. Yeye mwenyewe alitabasamu, akapuliza vumbi la mbao kwenye randa yake, akarudi kazini.

Sakafu ilikwenda vizuri. Rukaya alisimamia kila chumba, akafungua makopo ya gundi kwa mkono wake. Gundi ilipokaribia kwisha alikwenda Dar es Salaam kuchukua nyingine. Muuzaji hakuwa nayo dukani. Alimwonyesha makopo ya kila namna, ya Uchina, ya India, ya Dubai, na kumwapia kwamba yote ni yale yale. Rukaya alisubiri hadi ile aliyoitaka ilipotoka bandarini.

Aliporudi, nguo zimejaa vumbi na kichwa kinamgonga, vyumba viwili vya mwisho vilikuwa vimeshapigwa mbao kwa gundi iliyobaki. Mbao zilikaa kama zimezaliwa pamoja. Sadallah alikuwa ameketi kizingitini, na mafundi wote walikuwa wakila.

“Karibu, mtani,” alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. “Sakafu yenu tayari. Nimeipaka mafuta ya korosho tumboni, nimeongeza na dizeli, ili Wandengereko wakilala wakohoe vizuri.”

Kicheko kikalipuka, na Rukaya naye akacheka. Rukaya alisikia harufu ya dizeli, lakini lori la kokoto lilikuwa limeegeshwa karibu na dirisha. Alitafuta jibu, akalipata.

“Ungejipaka mwenyewe kwanza. Lakini ya nini, mchwa wataanzia wapi? Mwenye nyumba mwenyewe kakukimbia.”

Mkewe Sadallah alikuwa ameondoka mwaka ule ule na kurudi kwao, na watu wote walijua. Kijana mmoja alipaliwa na wali. Mwingine alijipiga kofi gotini. Sadallah aliinua mikono juu kama mtu aliyeshindwa, akasema, “Huyu binti hana adabu kabisa,” kama mtani anavyotakiwa kusema. Rukaya alifurahi siku ile nzima. Hakuinua hata ubao mmoja.

Mkaguzi, Bwana Husseini, alikuja akafunga vyumba na kuvuta hewa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu mfukoni na hapendi chai ya watu. Baada ya muda majibu yalifika. Vyumba vyote vilifaulu, isipokuwa vile viwili vya mwisho. Hivyo viwili havikushindwa kwa karibu. Vilishindwa vibaya.

Haidari aliwaita watu ndani ya chumba kimojawapo. Alikuwepo Rukaya, alikuwepo Sadallah, na alikuwepo Mwanajuma, mkunga ambaye angeiendesha nyumba na ambaye alikwisha kuingiza vitanda.

“Gundi ilikuwa mikononi mwa nani?” Haidari aliuliza.

“Mikononi mwangu,” Rukaya alisema.

“Basi umeiuza, ukatia ya bandia ya Kariakoo. Sema tu. Dukani kwangu nimeshaibiwa na watu waliosoma kuliko wewe.”

“Makopo yapo stoo, bosi, na gundi hii ni ile ile ya vyumba vilivyofaulu.”

“Makopo! Makopo hayanisaidii. Mfadhili anataka cheti.”

Mwanajuma alimgeukia Rukaya kwa hasira zaidi kuliko Haidari. “Hebu niambie, mdogo wangu. Wanawake hawa wanapuliza moto wa kuni za mikoko tangu wana miaka saba. Moshi wameumeza maisha yao yote. Leo harufu ya ubao ndiyo itakayowaua? Masika hayo yanakuja. Kuna wanaojifungulia kwenye matope, wewe unaniletea habari za hewa kwenye chupa.”

“Dada Mwanajuma, kanuni si yangu.”

“Ya nani? Mbona anayeizungumza ni wewe tu?”

Sadallah alikuwa akikwaruza kucha yake kwa ncha ya patasi.

Haidari aliwaambia kwamba mkaguzi angerudi Jumatatu kupima mara ya pili, na kwamba hakukuwa na mara ya tatu. Kisha akatoka, na wengine wakamfuata.

Rukaya alibaki. Vyumba viwili tu, na vyote viwili vilipigwa mbao akiwa safarini. Alitaka kuamini kwamba gundi iliyobaki iliharibika kwa jua, lakini hakuweza, kwa kuwa neno la Sadallah lilikuwa limeanza kumrudia, zima, pamoja na kicheko chake. Alivua viatu. Alizunguka nje, akalala kifudifudi juu ya mfinyanzi, akatambaa kati ya nguzo fupi hadi chini ya chumba cha mwisho, akawasha tochi.

Mbao za vyumba vingine zilikuwa na rangi ya mninga. Hizi zilikuwa nyeusi na zilimeremeta. Aligusa kwa kidole, na punde kidole kikaanza kuwaka, kama vidole vya watoto wanaobangua korosho mbichi.

Alimkuta Sadallah kwenye meza yake ya randa, nyuma ya jengo.

“Mzee Sadallah.”

“Leo mzee? Mtani amekufa lini, sikuitwa maziko?”

“Umepaka mafuta chini ya mbao.”

“Nimepaka.”

“Nilikukataza.”

“Ulinikataza. Na mimi nilikwambia nimepaka. Nilikwambia mchana kweupe, mbele ya watu wote, nikataja na dizeli. Wewe ukanijibu habari za mke wangu. Sasa kati yetu, nani hakumsikiliza mwenzake?”

“Ulijua nitadhani ni utani.”

“Nilijua. Hata ningeshika Msahafu ungedhani ni utani.” Aliacha kazi, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. “Siku ile uliponiita wa kizamani mbele ya vijana wangu, ule ulikuwa utani?”

“Haukuwa.”

“Basi.”

Rukaya alitaka kusema kwamba kanuni ilikuwa sahihi, na kwamba kanuni ikiwa sahihi haijali imesemwa kwa sauti gani. Lakini alisikia jinsi maneno hayo yangetoka, akayaacha.

Alikwenda moja kwa moja kwa Haidari. Alidhani angemkasirikia fundi wake. Haidari alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona njia.

“Umeniambia jambo zuri. Kwa hiyo vyumba vingine ni safi?”

“Ni safi.”

“Vibao vya namba milangoni vimeshikwa na skrubu. Skrubu hutoka kwa bisibisi. Jumatatu, vyumba viwili vya mwisho vitakuwa viwili vya mwanzo. Mkaguzi alikuja mara moja tu, na kila chumba kinafanana na mwenzake. Atapima, atafurahi, atakwenda zake. Wewe utatia sahihi kama msimamizi.”

“Mbao inabidi zing'olewe, bosi.”

“Mbao haziondoki. Nani atanipa mninga mwingine? Mama yako?” Alimkaribia. Sauti yake ilishuka badala ya kupanda. “Sikiliza, binti. Ukifungua mdomo wako Jumatatu, nitasema ulijua. Nina mashahidi uwanja mzima. Waliona ukiambiwa, waliona ukicheka. Sadallah atakuwa mzee asiyesoma. Wewe utakuwa mtaalamu aliyeambiwa kwamba sakafu imetiwa dizeli, akaona ni kichekesho. Nani atakupa kazi hapa Kibiti? Nani atakupa kazi popote?”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtesa Rukaya siku zilizofuata. Haidari angeweza kumzushia uongo, na uongo angeupinga. Lakini hakumzushia kitu. Alikuwa ameambiwa. Alikuwa amecheka. Ukweli ambao ungeiondoa ile sakafu ndio huo huo ambao ungemwondoa yeye.

Mafundi nao walikuwa wameshapewa habari kwamba akifungua mdomo, kazi itasimama. Kijana mmoja, bila kumtazama, alisema kwa wenzake, “Kuna watu kazi zetu watazila na kutema mbegu.” Hata chakula cha mchana hawakumkaribisha, jambo ambalo pale kwao halifanywi hata kwa mgeni mwenye deni.

Jumatatu Husseini alifika na sanduku lake la vibomba. Haidari alimpokea kwa mikono miwili. Vibao vilikuwa vimehamishwa, na sakafu za vyumba vyote zimepigwa deki zikang'aa sawa. Mwanajuma alisimama kando, ameshika funguo. Sadallah na mafundi walikuwa ukumbini, wakijifanya wanapiga msasa fremu iliyokwisha kupigwa msasa.

“Msimamizi anitangulie,” Husseini alisema. “Vile vyumba viwili.”

Rukaya alitangulia. Alifika kwenye mlango wenye namba iliyotakiwa, akaupita. Aliendelea hadi mwisho wa ukumbi, akasimama mbele ya mlango wenye namba nyingine.

“Ni hivi, Bwana mkaguzi. Vibao vimehamishwa. Chini ya mbao kuna mafuta ya maganda ya korosho na dizeli.”

Kisha Haidari akalipuka.

“Muulize alijua lini! Muulize! Aliambiwa siku ile ile, mbele ya mafundi wangu wote, na alicheka. Leo anajifanya malaika. Sadallah! Hukumwambia?”

Sadallah aliifuta mikono yake kwenye suruali, upande huu, kisha upande ule.

“Nilimwambia.”

Husseini alimgeukia Rukaya. “Ni kweli?”

“Ni kweli. Aliniambia, nikamjibu kwa matusi.”

“Kwa nini?”

“Ni mtani wangu.”

Husseini alikuwa mtu wa Pwani na hakuhitaji kufafanuliwa. Lakini hakutabasamu. “Kwenye taarifa yangu hakuna mahali pa utani,” alisema. “Nitaandika kwamba msimamizi alipewa habari na hakuchunguza. Nitaandika pia kwamba mkandarasi alihamisha namba. Mbao za vyumba hivi zing'olewe zote, na boriti zilizoguswa na mafuta pia. Zikishawekwa mpya, nitapima tena. Kabla ya hapo hakuna atakayelala ndani ya jengo hili.”

“Hakuna mara ya tatu, ulisema!” Haidari alifoka.

“Nilisema kwa mtu anayepimiwa vyumba vile vile, si vilivyowekwa sakafu mpya.” Alifunga sanduku lake na kutoka, na gari lake likatimua vumbi la uwanja.

Haidari hakumpiga Rukaya, ingawa mkono wake ulionekana kulifikiria jambo hilo. Alimfukuza kazi pale pale ukumbini, kwa maneno ambayo hakuna mtani angeyatumia. Rukaya alisikiliza hadi yakaisha. Alikwenda stoo akachukua begi lake na viatu vyake vya kazi. Alipotoka, mafundi walikwisha kuanza. Haidari alikuwa amewaamuru, maana hasara ya kila siku ya kuchelewa ilikuwa yake. Mtaimbo ulilia, misumari ikapiga kelele, na ubao wa kwanza ukatoka na ulimi wake wa kuungia umevunjika.

Sadallah alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa aking'oa kwa mikono yake mbao alizozikalisha kwa mikono hiyo hiyo. Alipomwona Rukaya akipita mlangoni aliinua kichwa.

“Haya, nenda, mtani,” alisema, na sauti yake ilikuwa na jaribio la ile sauti ya zamani. “Umejichoma mwenyewe kwa ajili ya harufu. Ndiyo akili za watu wanaonyonya matope.”

Mafundi wawili walianza kucheka kwa mazoea.

“Mimi na wewe si watani,” Rukaya alisema.

Kicheko kilikufa. Sadallah alibaki na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia jina la maiti likitajwa sokoni.

“Hilo neno halisemwi, binti.”

“Nimelisema. Kuanzia leo ukinitukana, nitanuna. Na la mke wako nililolisema, nililisema nikitaka likuume. Haukuwa utani. Una haki ya kuninunia.”

Mzee alimtazama. Usoni mwake hakukuwa na msamaha. Kulikuwa na kitu kigumu zaidi, chuki iliyoruhusiwa hatimaye kukaa chini na kupumzika.

“Nitakununia,” alisema. “Nitakununia mpaka kaburini.” Akarudi kwenye ubao wake. Mafundi walitazamana, wasijue kama wacheke au waitane kusuluhisha, na mwishowe wakashika mitaimbo.

Nje, mbao zilikuwa zinapangwa juani, upande mweusi juu. Harufu yake ilikuwa imejaa uwanja sasa, kali, ya kukwaruza koo, na vijana waliozibeba walikuwa wamefunga mashati puani. Mwanajuma alisimama mbele ya rundo hilo na funguo zake. Alikuwa ameinama akaunusa ubao mmoja, na alikuwa akifuta macho kwa upande wa kanga. Rukaya hakujua kama ni kwa mvuke au kwa jambo lingine.

“Hizi ndizo zilizokuwa chini ya vitanda vyangu?”

“Ndizo.”

“Nimeshawapelekea habari watu wa visiwani kwamba nyumba iko tayari. Wako njiani. Niwalaze wapi?”

“Sijui,” Rukaya alisema.

“Ulipaswa kujua kabla ya kusema.”

“Nilipaswa kuinua ubao mmoja siku ile.”

Mwanajuma hakumfariji. Alimgeuzia mgongo, akafungua stoo ya saruji iliyokuwa kando ya jengo, akaanza kutoa mifuko mitupu na kuitupa nje ili apate nafasi ya vitanda. Rukaya aliweka begi lake chini. Aliingia stoo, akashika upande wa pili wa mfuko uliokuwa bado na saruji, na Mwanajuma hakumkataza wala kumshukuru. Walifanya kazi pamoja, huku mtaimbo ukiendelea kulia ndani ya jengo.